Hekaya na Historia katika Ufalme wa Ptolemy: Lugha Mbili za Misri, 323–30 K.K.

Ptolemy mwana wa Lagus, jemadari wa Kimakedonia aliyejitwalia Misri baada ya Alexander kufariki Babeli mwaka 323 K.K., alikuwa pia mwandishi wa historia. Kitabu chake juu ya vita vya Alexander kimepotea, lakini Arrian, aliyeandika katika karne ya 2 B.K., alikitegemea sana na akaeleza sababu zake: Ptolemy alishiriki vita hivyo, na kwa kuwa alikuwa mfalme, uongo ungemfedhehesha kuliko mtu mwingine. Hoja hiyo ni dhaifu, na udhaifu wake unadhihirika katika kitabu cha Arrian huyo huyo. Anaposimulia safari ya Alexander ya mwaka 331 K.K. kwenda Siwa, jangwani, kutaka kauli ya mungu Amun, anataja kwamba waandishi wengi walisema jeshi lilipopotea njia liliongozwa na kunguru wawili. Ptolemy ndiye aliyesema kuwa walioongoza walikuwa nyoka wawili, waliotangulia mbele ya jeshi huku wakitoa sauti.

Mtu aliyepotea jangwani aweza kumfuata kunguru akafika penye maji. Hapo hakuna muujiza. Nyoka wenye sauti ni jambo jingine. Lakini Misri ilikuwa nchi ambayo nyoka alikaa katika taji la mfalme, juu ya paji la uso, akimlinda na adui zake. Na katika mji mpya wa Iskandaria nyoka mwema, aliyeitwa Agathos Daimon kwa Kiyunani, aliheshimiwa kuwa mlinzi wa mji. Mfalme aliyeandika habari za nyoka hao alijua alikuwa akitawala nchi gani. Hekaya yake haikutokana na usahaulifu wa uzee. Ilikuwa na kazi ya kufanya.

Makala haya yanakusudia kuichunguza kazi hiyo. Inadaiwa hapa kwamba katika ufalme wa Ptolemy, uliodumu kwa karibu miaka mia tatu, hekaya haikuwa pambo lililotundikwa juu ya historia wala kosa la watu wasiojua kuandika historia. Ilikuwa hoja katika shauri la muda mrefu: Misri ni nchi ya nani? Watawala walileta hoja zao kwa Kiyunani na watawaliwa wakajibu kwa Kimisri, na mara nyingine hoja zilivuka kutoka lugha moja hadi nyingine zikabadilika maana njiani. Mwanahistoria asomaye lugha moja tu husikia upande mmoja wa shauri, kisha akahukumu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa muda mrefu. Wataalamu wa Ulaya waliolelewa kwa Kiyunani na Kilatini walisoma mafunjo ya Kiyunani kwa maelfu, na mafunjo ya Kidemotiki, yaani Kimisri cha siku zile kilichoandikwa kwa hati ya mkono ya kuungana na ngumu kusomeka, yakabaki katika maghala ya makumbusho yakiwangoja wasomaji wachache.

Baba wa mfalme

Nasaba hii ilianza na aibu ya ukoo. Lagus hakuwa mtu wa jina kubwa, na mwanawe alikuja kukalia kiti cha mafirauni. Yapo masimulizi mawili yaliyojitokeza kuiziba nafasi hiyo. La kwanza linadai kwamba mama yake Ptolemy alikuwa na mimba ya Philip, baba wa Alexander, alipoozwa kwa Lagus. Hivyo Ptolemy na Alexander walikuwa ndugu kwa baba. La pili linasema kwamba Lagus alimtupa mtoto huyo nyikani, na tai akaja kumfunika kwa mbawa zake asiumizwe na jua wala mvua. Tai huyo ndiye anayeonekana katika sarafu za nasaba nzima, amesimama juu ya radi ya Zeus.

Haikosi watu walicheka pembeni. Plutarch anasimulia kwamba Ptolemy alimdhihaki mwanasarufi mmoja kwa kumuuliza baba wa Peleus, shujaa wa kale, alikuwa nani. Mwanasarufi akamwomba mfalme atangulie kumwambia baba wa Lagus alikuwa nani. Waliokuwapo walikasirika kwa niaba ya mfalme, lakini Ptolemy akasema kwamba mfalme asiyeweza kustahimili mzaha hana haki ya kufanya mzaha. Kisa hiki kinampendeza msomaji, na huenda ndiyo sababu kilihifadhiwa. Ila kinaonyesha pia kwamba swali la ukoo lilijulikana na wote waliokaa mezani.

Jibu lililo thabiti zaidi kuliko hekaya lilikuwa maiti. Mwaka 321 K.K., gari lililobeba mwili wa Alexander lilipokuwa Shamu likielekea Makedonia, Ptolemy alikwenda na jeshi lake akauchukua. Perdiccas, aliyekuwa msimamizi wa dola, aliivamia Misri kwa kisasi, akashindwa kuuvuka Mto Nile. Askari wake wengi walizama na kuliwa na mamba, na maofisa wake wakamwua hemani. Mwili ulizikwa Memphis kwanza, kisha ukahamishiwa Iskandaria. Ptolemy alijitangaza mfalme mnamo mwaka 305 au 304 K.K., akapiga sarafu zenye sura ya Alexander aliyevaa ngozi ya kichwa cha tembo na pembe ya kondoo dume wa Amun. Pembe za namna hiyo ndizo ambazo wataalamu wengi wanazihusisha na jina la Dhulkarnaini, Mwenye Pembe Mbili, ambalo Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki wanalijua kutoka katika Kurani, na ambalo wafasiri wengi wa Kiislamu wamelipa Iskandari.

Mungu aliyeletwa kwa meli na vitabu vilivyoafikiana

Hekaya mbili mashuhuri za watawala zinahusu kuleta kitu kutoka nje. Tacitus na Plutarch wanasimulia kwamba Ptolemy wa kwanza aliota ndoto ya mungu aliyemwamuru aichukue sanamu yake kutoka Sinope, mji wa Bahari Nyeusi. Sanamu ikaletwa kwa meli hadi Iskandaria, na kwa kadiri ya Plutarch ikatambuliwa na wawili: Timotheus, mjuzi wa ibada za Kiyunani, na Manetho, kuhani wa Kimisri. Mungu huyo aliitwa Sarapis. Mtu akiamini hekaya hiyo ataona Wayunani wamewaletea Wamisri mungu mpya. Jina lenyewe linakana. Sarapis ni Osiris-Apis wa Memphis, fahali mtakatifu aliyekufa na kuungana na Osiris, ambaye Wayunani waliokaa Memphis walikuwa wakimwita Oserapis hata kabla nasaba ya Ptolemy haijatawala. Lugha imehifadhi asili ambayo hekaya ilijaribu kuihamisha ng'ambo ya bahari.

Manetho aliyetajwa hapo ndiye aliyeandika historia ya Misri kwa Kiyunani na kuwagawa wafalme wa kale katika nasaba, mgawanyo unaotumika hadi leo. Kitabu chake kimesalia vipande vipande katika maandishi ya Josephus na ya waandishi wa Kikristo. Ni jambo la kutafakari kwamba Mmisri aliyetaka historia ya nchi yake isomwe na wenye mamlaka alilazimika kuiandika kwa lugha ya wenye mamlaka.

Hekaya ya pili inahusu tafsiri, na kwa hiyo inawagusa wanafunzi wa lugha kwa karibu. Waraka uitwao wa Aristeas unadai kwamba Ptolemy wa pili, kwa ushauri wa Demetrius wa Phalerum, aliomba wazee 72 kutoka Yerusalemu, sita kwa kila kabila, waje kuifasiri Torati kwa ajili ya maktaba ya Iskandaria. Nao wakaimaliza kwa siku 72. Baadaye Philo aliongeza kwamba kila mmoja aliandika maneno yale yale kana kwamba kuna aliyewasomea imla. Hapana mfasiri asiyeonea wivu hekaya hiyo. Lakini Demetrius alifukuzwa na Ptolemy wa pili mara alipotawala, kwa kuwa aliwahi kumpigia debe mrithi mwingine. Hakuwa mshauri wake. Tena Kiyunani cha Torati hiyo ni Kiyunani cha kawaida cha mafunjo ya Misri, si cha wageni waliotoka Yerusalemu. Yaelekea tafsiri ilizaliwa miongoni mwa Wayahudi wa Misri waliokuwa wanaisahau lugha ya mababu, nao wakaihitaji Torati kwa lugha waliyoizungumza nyumbani. Hekaya ikaipa kazi hiyo ya lazima heshima ya amri ya mfalme na kibali cha mbinguni.

Firauni aliyekimbia

Wamisri nao walikuwa na la kusema. Firauni wa mwisho wa Kimisri kabla ya Waajemi kurudi kuitawala nchi alikuwa Nectanebo wa pili, aliyeshindwa na Artaxerxes wa tatu mnamo mwaka 343 K.K. Historia inasema alikimbilia kusini, kuelekea Nubia, na habari zake zikaishia hapo. Watu hawapendi habari za mfalme ziishie hapo. Katika kitabu kiitwacho Hekaya ya Alexander, ambacho mizizi yake imo katika Misri ya Ptolemy na ambacho baadaye kilitafsiriwa katika lugha nyingi za Ulaya na Asia pamoja na Kihabeshi cha Ge'ez, Nectanebo hakukimbilia kusini. Alinyoa kichwa, akajigeuza, akafika Makedonia akajifanya mnajimu. Huko alimwambia malkia Olympias kuwa mungu Amun atamjia usiku. Na aliyekuja usiku alikuwa Nectanebo mwenyewe. Alexander akazaliwa. Kijana alipokua alimsukuma mnajimu huyo shimoni, ili kumdhihaki kwamba anasoma nyota na haioni ardhi iliyo miguuni pake. Na mzee, akikata roho, akamwambia kuwa amemwua baba yake.

Kuna wanaoisoma sehemu hiyo kama kichekesho cha mke aliyedanganywa. Ikisomwa kwa macho ya Memphis inasema jambo jingine kabisa: Alexander hakuiteka Misri, aliirithi. Hekaya yenyewe inamleta Misri mbele ya sanamu ya Nectanebo, ambayo maandishi yake yanatabiri kwamba mfalme aliyekimbia akiwa mzee atarudi akiwa kijana na kuwashinda Waajemi. Naye Alexander anaikumbatia sanamu na kutangaza kuwa huyo ni baba yake. Aliyeshindwa amemfanya mshindi kuwa mtoto wake. Masimulizi haya yaliwafaa wote wawili. Wayunani walipata uhalali, na Wamisri wakapata faraja kwamba kiti hakikutoka nje ya nyumba. Ni nadra hekaya moja kutumikia pande mbili zenye masilahi yaliyopingana, na pengine hii ndiyo siri ya kuenea kwake.

Bei ya kujua Kiyunani

Nje ya majumba, lugha ilikuwa suala la mshahara na kodi. Katika nyaraka za Zenon, wakili wa Apollonios aliyekuwa waziri wa fedha wa Ptolemy wa pili, imo barua iliyoandikwa katika miaka ya 250 K.K. na mtumishi aliyeshughulika na ngamia huko Shamu. Analalamika kwamba halipwi ujira wake ipasavyo, na kwamba wakubwa wake wanamdharau kwa kuwa ni mgeni asiyejua kuenenda kama Myunani. Kitenzi alichotumia chaweza kuwa na maana ya kusema Kiyunani au ya kuishi Kiyunani, na wataalamu wamebishana juu yake. Ubishi huo hauna haja ya kumalizwa, maana kwa mtu wa ngamia mambo hayo mawili yalikuwa mlango mmoja uliofungwa. Barua yenyewe imeandikwa kwa Kiyunani; bila shaka alitafuta wa kumwandikia.

Katika kipindi hicho hicho serikali iliwasamehe kodi ya chumvi walimu wa kusoma na kuandika pamoja na wale wa mazoezi ya viungo. Walimu waliokusudiwa ni wa Kiyunani. Hapakuwa na sheria iliyowakataza Wamisri lugha yao: mikataba ya Kidemotiki iliendelea kuandikwa, na majaji wa Kimisri waliendelea kuhukumu. Mwaka 118 K.K., Ptolemy wa nane na malkia wake wawili walitoa amri kwamba kesi kati ya Mmisri na Myunani ipelekwe katika mahakama ya lugha ambayo mkataba uliandikwa, wala si ya kabila la mshtakiwa. Kwa sheria hiyo lugha ilikuwa na uwezo wa kumchagulia mtu hakimu. Lakini mkulima aliyetaka kumfikia afisa wa kodi alijua ombi lake lisomwe kwa lugha gani, na Wamisri wengi wenye tamaa ya cheo walijifunza Kiyunani na kujipa jina la pili. Wayunani waliojifunza Kimisri walikuwapo, ila wachache.

Herufi za Abydos

Mwaka 217 K.K. Ptolemy wa nne alipigana na Antiochus wa tatu huko Raphia, karibu na Gaza. Kwa kukosa askari wa kutosha, aliwapa Wamisri 20,000 silaha na mafunzo ya Kimakedonia, na akashinda. Polybius, mwanahistoria asiyependa miujiza, anasema uamuzi huo ulifaa kwa wakati ule na ukawa kosa kwa siku zilizofuata. Kwa maana Wamisri walitoka Raphia na kiburi cha washindi, hawakukubali tena kuamrishwa, wakaanza kutafuta kiongozi.

Wakampata. Mnamo mwaka 205 K.K. mtu aitwaye Horwennefer alitawazwa kuwa firauni huko Thebes, na kwa takriban miaka ishirini sehemu kubwa ya Misri ya Juu ilitoka mikononi mwa Iskandaria. Mnamo mwaka 199 K.K. akafuatwa na Ankhwennefer, ambaye baadhi ya wataalamu hudhani ni mtu yule yule aliyebadili jina. Ankhwennefer alishindwa na kukamatwa mwaka 186 K.K., pamoja na kusaidiwa na askari wa Kinubi. Waandishi wa Kiyunani hawakuwapa wafalme hao hata ukurasa mmoja. Wanajulikana kutokana na mikataba ya Kidemotiki, ambayo waandishi wake waliandika tarehe kwa miaka ya utawala wao kana kwamba hakuna mfalme mwingine duniani, na kutokana na maandishi ya ukuta wa hekalu la Edfu, yanayoeleza jinsi ghasia zilivyosimamisha ujenzi ulioanza mwaka 237 K.K. na waasi walivyojificha ndani ya hekalu.

Lakini ushahidi unaostahili kuwashughulisha zaidi wataalamu wa lugha uko Abydos, katika hekalu la kale la Seti wa kwanza. Hapo mtu asiyejulikana jina alichora ukutani maneno machache ya mwaka wa 5 wa Firauni Horwennefer, kipenzi cha Isis na Osiris, kipenzi cha Amun mfalme wa miungu. Lugha ni Kimisri. Herufi ni za Kiyunani. Ni miongoni mwa maandishi ya kwanza kabisa yanayojulikana ya Kimisri kilichoandikwa kwa alfabeti ya Kiyunani, karne kadhaa kabla ya Wakristo wa Misri kuifanya njia hiyo kuwa hati ya Kikopti. Aliyeandika alimkiri mfalme aliyekuwa vitani na Wayunani, na chombo alichokitumia kumkiri kilikuwa cha Wayunani hao. Hati ya kale ya mahekalu ilihitaji miaka ya mafunzo, na ya Kidemotiki pia. Herufi ishirini na kitu zilihitaji miezi. Mtu huyu, pengine askari, alichukua kwa adui kitu kilicho chepesi akakiacha kilicho kizito. Hakuna mwanahistoria wa kale aliyeliona jambo hilo, wala hekaya yoyote haikulisimulia, ingawa kati ya matendo yote ya uasi ule hilo ndilo lililoishi muda mrefu zaidi.

Uasi ulipokuwa ukiendelea kusini, makuhani walikutana Memphis mwaka 196 K.K. kumsifu Ptolemy wa tano, aliyekuwa bado kijana mdogo. Azimio lao ndilo lililochongwa katika jiwe lililopatikana mwaka 1799 karibu na mji wa Rashid, na ambalo lilimwezesha Champollion kuifumbua hati ya kale mwaka 1822. Ulimwengu unalikumbuka jiwe hilo kwa sababu ya ufumbuzi huo. Yaliyomo ni misamaha ya kodi, zawadi kwa mahekalu, na adhabu ya waasi wa Lycopolis katika Delta: yaani hati ya serikali iliyonunua amani kwa makuhani. Mwishoni azimio linaamuru liandikwe kwa hati tatu, na hapo lugha mbili zinatofautiana. Kiyunani kinaiita Kidemotiki herufi za wenyeji. Kidemotiki chenyewe hakijioni cha wenyeji, kinajiita hati ya nyaraka, na kinayaita maandishi ya pili ya Wayunani. Kila lugha imejiweka katikati na nyingine pembeni, ndani ya jiwe lililokusudiwa kuonyesha umoja.

Baada ya silaha kushindwa ilibaki tena hekaya. Utabiri wa Mfinyanzi, ambao wengi huuweka katika karne ya 2 K.K., umesalia kwa Kiyunani katika mafunjo ya zama za Kirumi, na unajitambulisha kuwa umetoka katika Kimisri. Mfinyanzi aliyevunjiwa tanuri lake anamtabiria mfalme Amenophis kwamba nchi itatawaliwa na wageni waovu, wavaa mishipi, wafuasi wa Seti muuaji wa Osiris. Kwamba mwishowe watauana wao kwa wao. Kwamba Agathos Daimon atauacha mji wa pwani na kurudi Memphis. Na kwamba mji huo wa fahari utakuwa mahali pa wavuvi kuanikia nyavu. Hapo nyoka yule wa mwanzo anarudi, safari hii akiwahama waliomtumia. Utabiri huu hauna upatanishi wa Nectanebo. Hautaki mgeni awe mtoto wa nyumba, unataka aondoke.

Tembo, na malkia wa lugha nyingi

Upande wa Bahari ya Shamu unahitaji maneno machache, kwa kuwa huko ndiko ufalme huu ulikogusana na Afrika ya mashariki. Ptolemy wa pili alijenga kituo cha Ptolemais cha Mawindo ili kukamata tembo wa vita, na mwanawe akajivuna juu ya tembo hao katika maandishi ya Adulis, katika Eritrea ya leo, ambayo Cosmas aliyanakili karne ya 6 B.K. Agatharchides anasimulia kwamba mfalme aliwasihi wawindaji wa nchi hiyo waache kuwaua tembo ili apate walio hai, akawaahidi mengi. Wakajibu kwamba hawangebadili maisha yao kwa ufalme wote wa Misri. Yafaa kuongeza kwamba Ptolemy mwanajiografia, anayetajwa kila mara kuhusu mji wa Rhapta, si wa nasaba hii. Aliishi Iskandaria chini ya Warumi katika karne ya 2 B.K., ingawa wachoraji wa Ulaya ya enzi za kati walimvika taji kwa kudhani ni mfalme.

Nasaba ilikwisha na Cleopatra wa saba mwaka 30 K.K. Hekaya ya nyoka aliyemwua inajulikana kila mahali, na Plutarch, aliyeisimulia, alikiri kuwa ukweli wa kifo hicho hakuna aujuaye. Neno lake jingine halijapata umaarufu huo. Anasema malkia huyu alihitaji mkalimani mara chache: aliwajibu kwa lugha zao Waethiopia, Watrogodyte wa pwani ya Bahari ya Shamu, Waebrania, Waarabu, Washamu, Wamedi na Waparthi, na wafalme waliomtangulia hawakujisumbua hata kujifunza Kimisri. Karibu miaka mia tatu ya kutawala, na wa kwanza kuisema lugha ya raia wake ndiye aliyekuwa wa mwisho. Warumi walieneza picha ya mwanamke wa anasa na hila. Waandishi wa Kiarabu, al-Mas'udi wa karne ya 10 akiwa mmoja wao, walimkumbuka kwa namna nyingine: malkia mwenye hekima, rafiki wa wanazuoni, mtunzi wa vitabu vya tiba.

Ndoto katika mkono wa Kiyunani

Linabaki suala la ushahidi. Hekaya nyingi za Kimisri zilizotajwa zimesalia kwa Kiyunani, na wako waliosema kwamba zilitungwa na Wayunani waliopenda mambo ya ajabu, kisha wakazipa sura ya Kimisri. Jibu limepatikana katika kisa kimoja angalau.

Katikati ya karne ya 2 K.K. waliishi ndugu wawili katika eneo la hekalu la Sarapis huko Memphis, Ptolemaios na Apollonios, wana wa askari wa Kimakedonia. Ptolemaios alikuwa amefungwa na kiapo cha mungu, hakutoka hekaluni kwa miaka mingi. Katika mashtaka yake kwa maofisa anaeleza kwamba wafagizi wa hekalu walimshambulia kwa kuwa ni Myunani. Ni kilio cha yule mtu wa ngamia kilichogeuzwa upande. Lakini katika karatasi za nyumba hiyo hiyo, kwa mkono wa Apollonios, imo ndoto ya Nectanebo. Firauni anaiona mashua ya mafunjo ikimshusha Isis, na mungu wa Sebennytos analalamika mbele yake kwamba hekalu lake halijakamilika. Nectanebo anaagiza mchongaji bora, Petesis, apewe ujira mkubwa akamalize maandishi. Petesis anafika Sebennytos na fedha mfukoni, anaamua kunywa divai kwanza, anamwona msichana mzuri kuliko wote. Na hapo mkono wa Apollonios unakoma.

Kwa zaidi ya karne moja wataalamu walikisia jinsi kisa hicho kilivyoendelea, na kama kilikuwa cha Kimisri kweli. Mwaka 1998 Kim Ryholt alichapisha kipande cha Kidemotiki kutoka maktaba ya hekalu la Tebtunis, katika Fayum, chenye kisa hicho hicho. Kiliandikwa katika zama za Kirumi, wakati wafalme wa nasaba ya Ptolemy walikuwa wameshazikwa wote, na makuhani wa Tebtunis walikuwa bado wakimsoma Nectanebo kwa lugha yake.